Mteja Akisema "Hita Haiwaki", Muulize Kwanza Anasikia Nini

Somo la leo ni la wanaouza vitu vya gesi mtandaoni, hasa hizi hita ndogo za kuchemshia maji ya kuoga, zile za kutundika ukutani. Kama unauza majiko tu, usipite. Kuna sehemu huko chini inakuhusu na wewe.

Mwaka jana mwezi wa sita nilichukua hita 12 Kariakoo. Nilinunua 150,000 kila moja, nikauza 195,000. Hesabu yangu ilikuwa baridi: Mbeya, Njombe, Iringa, Arusha, kule mtu hawezi kuoga asubuhi bila maji ya moto. Na kweli zilitoka. Wiki mbili tu nikawa nimeuza tano.

Halafu zikaanza meseji. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Mbeya, saa tano usiku: "Dada mzigo wako mbovu. Haiwaki kabisa. Naomba hela yangu." Siku nne baadaye kaka wa Arusha, maneno karibu yale yale. Wa tatu yuko hapa hapa Dar, Kimara: "Inawaka sekunde chache inazima, nimejaribu mpaka nimechoka."

Nikarudisha hela zote tatu. Sikuuliza hata swali moja. Niliogopa kuitwa tapeli kwenye komenti, na wenzangu mnaouza mtandaoni mnajua komenti moja ya hivyo inavyokaa juu ya ukurasa wako. 585,000 zikatoka. Weka na gharama ya basi kwenda na kurudi, weka na boksi lililorudi limechanika ambalo huwezi tena kuliuza kwa bei ya kitu kipya.

Nikazifunga zote tatu kwenye bajaji nikazipeleka Gerezani kwa mzee mmoja fundi wa vitu vya gesi. Nikamwamkia, nikamwambia nataka ajue ubovu uko wapi ili nikagombane na aliyeniuzia. Mzee ana ukuta wake wa majaribio: bomba la maji, mtungi wa kilo 15, betri mbili mpya. Akatundika ya kwanza. Ikapiga tatatata, puu, ikawaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu, ile ya Kimara, akaiacha inamwaga maji ya moto dakika kumi nzima huku anakunywa chai.

"Mwanangu, hapa hakuna kibovu. Hela za watu umerudisha kwa ajili ya nini?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nivute ndoo nikae, akafungua kava ya moja. Nitawaeleza alichonionyesha, maana ndiyo mtaji wenyewe.

Hita ya gesi ya aina hii haina akili nyingi. Inafanya kazi kwa kupokezana, kama watu wanaopeana ndoo za maji kwenye moto. Ukifungua bomba la maji ya moto, maji yanaingia na kusukuma utando wa mpira ulio ndani. Utando unasukuma kipini, kipini kinabonyeza swichi ndogo. Swichi ikibonyezwa, umeme wa betri mbili kubwa unaenda kwenye kiboksi cha kuwashia, nacho kinatoa cheche: ndiyo ile tatatata. Wakati huo huo valvu ya sumaku inafungua gesi. Gesi inakutana na cheche, moto unawaka. Pembeni kuna kijiti chembamba cha kuhisi moto. Kijiti kikiuona moto, cheche zinaacha na gesi inaendelea kupita. Kisipouona ndani ya sekunde chache, kila kitu kinafungwa. Hakijaharibika hapo, kinakulinda gesi isijae ndani bila kuwaka.

Sasa ukishajua nani anampa nani ndoo, swali la kumuuliza mteja ni moja tu: ndoo imeishia wapi? Na hilo unalijua kwa sikio, hata kama yuko kilomita 800 na wewe.

Akifungua maji na kuna kimya, hakuna tatatata, gesi muiache kwanza, haijahusika. Tatizo liko kwenye maji au betri. Betri ziwe mpya na zikae upande sahihi. Betri zilizotolewa kwenye redio zinaweza kuwasha redio lakini zikashindwa kutoa cheche. Zikiwa nzima, angalia maji.

Hapa kwenye maji nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kwenye "ubovu" mwingi wa nyumba zetu. Lebo ya hita inaandika presha ya chini kabisa ya maji. Zangu zilikuwa zimeandikwa 0.025 MPa. Mzee aliniambia nisahau hiyo MPa, nikumbuke hivi: kila mita 1 ya kimo cha maji juu ya hita inakupa 0.01. Kwa hiyo 0.025 ni mita mbili na nusu, kutoka usawa wa maji ndani ya tenki kushuka mpaka kwenye hita. Sasa fikiria nyumba ambayo tenki limekaa kwenye kijukwaa cha matofali, kimo cha mtu, na hita imetundikwa usawa wa kichwa. Maji yatatoka, utaoga, lakini hayana nguvu ya kusukuma ule utando. Hita itanyamaza milele na haina kosa lolote. Dawa ni kupandisha tenki au kuweka pampu ndogo.

Kitu kingine kwenye maji ni chujio dogo pale maji baridi yanapoingia. Mabomba mapya yana mchanga na vipande vya ile tepu nyeupe ya mafundi. Vikijaa pale, presha inakufa. Mteja anaweza kulifungua mwenyewe, akalisukutua, akarudisha. Na kuna mafundi bomba wanaofunga kinyume, maji baridi wanayaingiza upande wa kutokea moto. Ukifungua bomba maji yanapita vizuri tu, ila utando hausukumwi.

Ikipiga tatatata lakini moto hauji, basi maji na betri vimefanya kazi yao, hamia kwenye gesi. Mtungi umefunguliwa? Umebaki na kitu? Kama ndiyo siku ya kwanza inafungwa, mpira una hewa ndani, inabidi kufungua na kufunga bomba la maji mara kadhaa mpaka hewa itoke na gesi ifike. Mteja asiyejua hili anajaribu mara mbili, anakasirika, anakuandikia.

Halafu kuna regyuleta. Hita hizi zinataka ya presha ndogo, ile iliyoandikwa 28 au 30 mbar, kama ya jiko la kawaida la mezani. Kuna watu wanafunga ile ya presha kubwa ya majiko ya mama lishe. Hiyo hita itawaka kwa mshindo na moto utaruka, na inaweza kuua valvu. Ukiona hivyo kwenye picha, mwambie afunge mtungi kwanza, mengine baadaye.

Ikiwaka kisha ikazima baada ya sekunde chache, kijiti hakiuoni moto. Labda kimepinda njiani kwenye basi, labda kina masizi, na fundi anakisafisha kwa dakika mbili. Au moto wenyewe ni mdogo haukifikii, yaani gesi haitoshi.

Ikizima baada ya muda mrefu, usikimbilie kusema mbovu. Nyingi za aina hii zina saa ndani, zinajizima zenyewe zikifika dakika 20. Unafunga maji, unafungua tena, maisha yanaendelea. Mzee alicheka sana aliponiambia kuna watu wanabadilishiwa hita kwa sababu hiyo.

Nilipotoka Gerezani niliwapigia wale wateja watatu, mmoja mmoja, kwa upole. Hela walikuwa nayo, sikuwa naidai, nilitaka kujua tu. Mama wa Mbeya: tenki liko kwenye stuli ya mbao. Kaka wa Arusha alinitumia picha ya mabomba aliyokuwa amepiga siku fundi anafunga, maji baridi yameingizwa upande wa kulia wakati lebo inasema kushoto. Wa Kimara alikuwa na mtungi wa kilo 6 unaokaribia kuisha, akaugawa kwa mpira mmoja kwenda jikoni na kwenda bafuni.

Hilo la mtungi mdogo waelezeni wateja kabla hawajalipa, litawapunguzia ugomvi. Hita ya lita 6 kwa dakika, ukiiweka moto wote, inakula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Watu wanne wakioga dakika tano tano, hizo ni dakika 20, yaani kama gramu 300 kwa siku. Mtungi wa kilo 6 utamaliza kama siku 20, bila kupika. Na mtungi mdogo ukinyonywa kwa kasi hiyo unapoa mpaka unatoa jasho, gesi haigeuki hewa haraka ya kutosha, moto unashuka. Kilo 15 ndiyo saizi yake. Ukimwambia ukweli huu wengine hawatanunua. Waache. Mteja asiyenunua hana gharama ya basi la kurudi.

Basi nikatengeneza meseji yangu, iko tayari kwenye simu, naibandika tu:

"Pole sana kwa usumbufu. Nisaidie vitu vifuatavyo nikuhudumie haraka. Video moja yenye SAUTI, ukifungua maji ya moto, sekunde 20. Picha ya mtungi na regyuleta. Picha ya mabomba yanayoingia chini ya hita. Na tenki la maji liko juu kiasi gani? Kama unasikia harufu ya gesi usiwashe chochote, funga mtungi, fungua milango, nipigie."

Video iwe na sauti, nasisitiza. Watu wanapenda kutuma picha ya hita imekaa tu ukutani. Picha hiyo haisemi kitu.

Meseji ikaanza kunilipa. Kaka mmoja wa Iringa alinunua, siku ya pili akalalamika haiwaki. Nikabandika. Akatuma video: kimya kabisa. Nikamuuliza betri umetoa wapi, akasema kwenye tochi. Akanunua mpya, ikawaka, akaniandikia: "Dada uko vizuri, hii hita ina moto mkubwa hatari, maji yanachemka." Nikaipiga picha ile meseji nikaiweka stetasi. Nilijiona fundi kabisa.

Kumbukeni hayo maneno, moto mkubwa.

Wiki iliyofuata dada mmoja wa Njombe, ambaye naye alikuwa amenunua, akaniandikia kwamba hita inawaka vizuri ila moto ni wa njano na ukuta wa juu umekuwa mweusi. Mimi na ujuzi wangu wa wiki tatu nikamjibu: "Ni kawaida dada, ni mafuta ya kiwandani yanaungua, itakaa sawa." Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilitunga tu, kwa sababu haikuwa kwenye orodha yangu ya sauti, na kwa sababu sikutaka hita nyingine irudi.

Siku mbili baadaye akaandika tena. Safari hii hakulalamikia hita. Aliandika: "Dada, maji ya moto sana huwa yanaumiza kichwa? Mimi na watoto wote tukitoka kuoga kichwa kinauma, mdogo ametapika."

Nilimpigia mzee wa Gerezani saa tatu usiku. Hakuniacha nimalize. "Mwambie afunge mtungi sasa hivi, watoke nje wote, waende hospitali. Sasa hivi. Mimi utanipigia baadaye."

Walienda. Walipewa oksijeni, kesho yake wakarudi nyumbani. Nashukuru Mungu, na sijui ningewaangalia vipi watu kama ingekuwa vinginevyo.

Kilichotokea ni hiki. Gesi ikiwaka na hewa ya kutosha, moto unakuwa wa bluu. Hewa ikipungua, moto unakuwa wa njano, unatoa masizi, na unatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi. Ile harufu ya gesi tunayoijua imewekwa makusudi ili tujue mtungi unavuja, lakini hii sumu inatoka gesi ikiwa imeshaungua, kwa hiyo pua haikusaidii. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Dalili ya kushtua ni watu wa nyumba moja kuugua pamoja na kupata nafuu wakitoka nje.

Dada yule alikuwa amefunga hita ndani ya bafu, dirisha dogo limezibwa na nailoni kwa sababu ya baridi. Nje aliogopa wezi. Hilo ni kosa, hita hizi zinakaa nje ya ukuta chini ya kibanda cha mvua, au zinakuwa na bomba la kutoa moshi mpaka nje. Lakini kosa hilo nalo lina mwenyewe: mimi sikuwa nimemwambia. Kwenye tangazo langu niliandika "rahisi kufunga popote".

Na kulikuwa na kosa la pili. Mzee alitaka picha ya lebo ya pembeni. Nikamuomba yule dada, akatuma. Imeandikwa NG, 2000 Pa.

Wauzaji wenzangu, hapa ndipo na nyie wa majiko mnapoingia. NG ni gesi asilia, ile ya bomba, ambayo kwa nchi yetu iko kwenye nyumba chache za Dar, Mtwara na Lindi. Ya mtungi ni LPG, na hita yake inaandikwa 2800 Pa. Ni gesi mbili tofauti. Ya mtungi, kwa ujazo ule ule, ina joto zaidi ya mara mbili ya gesi asilia. Kwa hiyo kifaa cha NG kimetobolewa matundu makubwa zaidi ya kutolea gesi. Ukikifunga kwenye mtungi, inatoka gesi nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma. Moto mkubwa, wa njano, masizi, sumu.

Moto mkubwa. Nikamkumbuka kaka wa Iringa na stetasi yangu.

Nilimpigia usiku ule ule. NG. Yeye alikuwa ameitundika nje, upepo unapita, ndiyo maana hakuna aliyeumwa. Wale wawili wa mwanzo ambao hawakuwahi kulalamika nao nikawapigia, zao zilikuwa LPG. Asubuhi nikafungua stoo. Zile tatu zilizorudi, nilizoziita mbovu, zote LPG, nzima. Kati ya tano zilizobaki kwenye maboksi, nne NG. Boksi la nje ni moja, picha ni ile ile, tofauti ni stika ndogo pembeni ambayo sikuwahi kuisoma.

Hita tatu nzima nilizirudishia hela bila swali. Hita iliyokuwa inawapa watoto sumu niliitetea.

Wa Njombe na wa Iringa niliwarudishia zote, na gharama za kufunga, na basi. Stetasi nikafuta. Nikarudi kwa aliyeniuzia. Akaniambia kwa utulivu kabisa, "Dada si ubadilishe nozeli tu, fundi yeyote anaziba." Nilimuuliza mzee. Akasema matundu yale yanapimwa kiwandani kwa sehemu za milimita, yeye habadilishi bila seti ya kiwanda ya hita ile ile, na mtu anayeziba kwa waya na kutoboa upya usimkaribie. Nikarudi dukani siku tatu mfululizo. Mwisho alinibadilishia zile nne ambazo hazijatumika. Mbili zilizotumika alikataa.

Siku hizi natoka dukani na picha ya lebo ya kila boksi, moja moja, siyo boksi la juu tu. Picha hiyo ndiyo ya pili kwenye kila tangazo langu, kabla ya bei. "Rahisi kufunga popote" nimeitoa, nimeandika inafungwa nje, na nani aifunge. Na kwenye ile meseji yangu ya kubandika nimeongeza swali moja juu kabisa, kabla ya video: "Moto ni wa bluu au wa njano?" Akijibu njano siendelei na maswali mengine. Namwambia afunge mtungi.

Zile hita mbili bado ziko stoo. Kuna jamaa aliziona, akasema anajua watu wa kuwauzia 80,000 kila moja. Nimechukua makapeni nyekundu nikaandika juu ya maboksi, pande zote nne, HAZIUZWI.